Kifungu cha Saba na Uwanja wa Ukungu

Wananchi wote wa milimani, walio mashambani, walio gulioni na walio majumbani mwao wakingoja ukungu uondoke, wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu klabu ya mpira ya Ukungu, ya kijiji cha Kwemtindi, haitamilikiwa tena na mashabiki wake, kwa sababu za kiusalama.

Tangazo hilo liliandikwa kwa mkono wa Ndugu Heri Shemweta mwenyewe, Mkuu wa Kurugenzi Ndogo ya Uimara wa Vilabu vya Milimani. Alilisoma mara nne mbele ya kioo kabla ya kulibandika kwenye mlango wa ofisi, kwenye nguzo ya umeme na kwenye mashine ya kusaga. Maneno "sababu za kiusalama" aliyaongeza mwishoni kabisa. Usalama haukuwa na tatizo lolote, ila aliona tangazo bila maneno hayo lina ladha ya supu isiyotiwa chumvi.

Kurugenzi ilikuwa na chumba kimoja mjini Lushoto, juu ya duka la pembejeo, na watumishi wawili: Heri, na katibu muhtasi wake Glory, ambaye ndiye aliyejua funguo zilipo. Kazi ya Kurugenzi ilikuwa kupima uimara wa vilabu kwa chombo kiitwacho Kipimo cha Uimara, kilichobuniwa na Heri katika semina ya siku mbili. Kama angefanikiwa kuifanya klabu moja tu kuwa imara, angehamishiwa Dodoma, kwenye ofisi yenye zulia. Barua ya ahadi hiyo aliiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila alipopata baridi aliigusa.

Uchunguzi wake juu ya Ukungu ulichukua wiki tatu na kufichua mambo ya kutisha. Klabu ilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na ilimilikiwa na familia mia mbili na kumi na nne. Haikuwahi kukosa msimu hata mmoja. Hakuna mchezaji aliyewahi kulala njaa, maana familia zilipokezana kuwalisha. Siku za gulio kila mwanachama alishusha alichojaliwa, huyu tenga la karoti, yule plamu, mwingine mkungu wa ndizi, na vitu hivyo ndivyo vilivyonunua jezi na viatu. Timu ikicheza ugenini ilipanda lori la mboga, wachezaji wakikaa juu ya kabichi mpaka Mombo.

"Huu," Heri aliandika, "ni utegemezi uliokithiri kwa watu. Watu huugua, watu huhama, watu hununa. Klabu haiwezi kusimama juu ya watu, achilia mbali kabichi."

Kwa upande mwingine alikuwepo mwekezaji, Bwana Kristian Lukindo, mtu wa suti ya rangi ya maziwa, aliyewahi kumiliki vilabu viwili huko pwani. Vyote viwili havipo tena. Glory aliuliza kama hilo si jambo la kuangalia.

"Tumeliangalia," alisema Heri. "Kwa mujibu wa Kipimo, klabu isiyokuwepo haiyumbi. Amepata alama zote."

Mkutano wa kuwaarifu wananchi ulifanyika kwenye darasa la shule, kwa kuwa Heri alikataa katakata kwenda uwanjani. Alisema njia ni mbaya kwa viatu. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho kukanyaga uwanja ule alikuwa na miaka kumi na saba, akapewa penalti ya dakika ya mwisho, akaupaisha mpira juu ya goli na juu ya migomba mpaka bondeni, ikabidi mechi iishe kwa kukosa mpira. Watu walimcheka mpaka msimu wa mahindi. Kwemtindi hawasahau upesi, na yeye hakusahau kabisa.

Bwana Lukindo alizungumza dakika hamsini. Aliahidi viti vya plastiki, taa, na kocha kutoka mahali penye theluji. Kisha akakabidhi hundi ya mfano, ubao wa boksi jeupe wenye ukubwa wa mlango, ulioandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Hundi yenyewe, alisema, ingefuata. Picha zilipigwa. Baada ya picha hakuna aliyejua ubao uwekwe wapi, ukaegemezwa ukutani.

Mwenyekiti wa klabu, Bi Mwanamisi, muuza karoti wa miaka sitini na kitu, alinyoosha mkono.

"Mwanangu Heri, tumekusikia. Sasa sisi tuliotoa vitu vyetu miaka yote hii, inakuwaje?"

Heri hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, lakini kiongozi wa kweli hajiandai. Alifikiri haraka. Karoti zilishaliwa. Plamu zilishaoza. Nani angekuja kudai ndizi ya mwaka juzi?

"Kifungu cha Saba," alisema, na kifungu hicho kikazaliwa papo hapo. "Kila aliyechangia atarudishiwa mchango wake vilevile kama ulivyotolewa. Na akisharudishiwa na kutia saini, hana tena dai wala umiliki wowote katika klabu."

"Vilevile kama ulivyotolewa," alirudia Bi Mwanamisi polepole, kama anayeonja mchuzi.

"Vilevile."

"Kwa yeyote aliyechangia?"

"Yeyote. Serikali haibagui."

"Basi kiandike, baba, na ukigonge mhuri."

Heri alikiandika na kukigonga mhuri mara mbili, na watu walipiga makofi kwa namna iliyomgusa. Alirudi mjini akimwambia Glory kwamba wananchi, wakielezwa vizuri, ni wasikivu sana.

Hapa inafaa msomaji aelezwe jambo ambalo Heri alilijua tangu utotoni lakini hakuliingiza kwenye Kipimo, kwa kuwa halikuwa na safu yake. Kwemtindi hakuna tambarare. Mtu akiangusha chungwa mlangoni kwake, hulifuata kwa jirani wa tatu. Uwanja wa Ukungu zamani ulikuwa korongo kati ya migongo miwili ya mlima. Mwaka wa themanini na saba likapulizwa baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo mwenye masikio hakai nyumbani, na kijiji kizima kikalijaza korongo lile: mawe chini, juu udongo uliobebwa kwa matenga kutoka shamba la kila familia. Kila familia ilipewa kipande chake cha kujaza. Na kwa kuwa mvua za masika huiba udongo, kila mwaka kila familia hurudi kuongeza kwenye kipande chake. Ndiyo maana Kwemtindi hakuna winga wala kona. Mtangazaji wa mechi husema mpira uko kwa Zuberi, umepita kwa Mwanamisi, umetoka nje kwa Scholastica. Na ile sehemu ya penalti, goli la mashariki, inaitwa kwa Mama Heri.

Jumatatu asubuhi mstari ulianzia mlangoni kwa Kurugenzi ukashuka ngazi, ukapita duka la pembejeo, ukazunguka mpaka stendi. Heri aliutazama kutoka dirishani na machozi yakamlenga. Hakuwahi kuwa na mstari wake mwenyewe.

Fomu ilikuwa na nakala tatu. Jina. Kijiji. Aina ya mchango. Kiasi. Mahali ulipo mchango kwa sasa. Glory alipofika ya kumi na tano alisimama.

"Mkuu, wote wameandika kitu kimoja."

"Karoti?"

"Udongo."

Heri alicheka mpaka akaegemea kabati. "Udongo! Glory, wewe unajua bei ya udongo?"

"Sijui, Mkuu."

"Hata mimi sijui, ndiyo raha yake. Nchi nzima hii imekaa juu ya nini? Waache wachukue." Akaagiza mhuri mpya uchongwe siku hiyohiyo, wenye maneno IDHINI: ACHUKUE, na akagonga yeye mwenyewe, kwa kuwa starehe nyingine si za kumwachia mtumishi wa chini.

"Pale kwenye mahali ulipo kwa sasa, wameandika uwanjani," Glory alisema.

"Huko ndiko walikotoa. Watu wakweli hawa."

Glory alimtazama kwa muda, kisha akavuta fomu ya kumi na sita. Alikuwa na mtoto wa kusomesha na hakulipwa kwa kufikiri.

Jumanne, saa nne hivi, mama yake aliingia. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na amebana fomu kwapani. Watu wa mstarini walikuwa wamempisha, yeye akakataa, akapanga foleni tangu saa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gonga."

"Mama, na wewe? Si ungeniambia nyumbani tu?"

"Nyumbani huji. Tangu Pasaka." Aliketi bila kukaribishwa. "Soma nilichoandika."

Heri alisoma. Udongo. Matenga arobaini. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo hakuna mwingine aliyeijaza, aliandika kwa herufi kubwa: MIMBA YA MIEZI TISA.

"Nilikuwa nimekubeba wewe," alisema mama. "La arobaini na moja nilikwishalijaza, nimelipandisha mpaka kichwani, Mwanamisi akanitua akasema weka chini, mtoto anakuja. Nikaliacha pale njiani. Usiku ule ukazaliwa. Kipande chetu kimepungukiwa tenga moja mpaka leo, ndiyo maana pale penalti pamebonyea kidogo."

 Ilimpitia Heri akilini kwamba penalti yake ya miaka ile, mguu wake wa kushoto ulikanyaga kama shimo hivi. Aliwaambia watu, hakuna aliyemwamini.

"Unataka nini, mama?"

"Nataka usome, uelewe, halafu kama ukishaelewa bado unataka kugonga, gonga."

Glory aliacha kuandika. Heri aligusa mfuko wa shati. Dodoma. Zulia. Akagonga.

Mama akaichukua nakala yake, akaipuliza wino ukauke. "Asante, Mkuu," alisema, na hilo neno la pili lilimkaa Heri kooni mpaka jioni kama mwiba wa samaki. Lakini mtumishi wa umma humeza.

Jumatano baragumu lililia milimani. Alhamisi likalia tena. Heri aliandika ripoti kwenda ngazi za juu: "Wananchi wameitikia. Wanausafisha uwanja kwa ajili ya ujio wa mgeni rasmi atakayezindua umiliki mpya." Ijumaa dereva wa bodaboda alimweleza kuwa njia nzima ya Kwemtindi imejaa watu wenye matenga vichwani, wanaume kwa wanawake, Waislamu wametoka msikitini wameunga moja kwa moja. Heri akaongeza: "Wananchi wanaonekana wakibeba maendeleo." Katika kisanduku cha mwisho, madai ya wanachama, aliandika kwa kalamu nyekundu: yamelipwa yote.

Mgeni rasmi alikuja Jumamosi, na ukungu ukaja naye.

Haukuwa ukungu wa mchezo. Ulikuwa ule wa mwezi wa sita, unaomfanya mtu aulize kama mkono ni wake. Msafara uliongozwa kwa mluzi. Jukwaa lilikuwa limejengwa kwenye ukingo wa uwanja, kamba imefungwa mbele yake, na watu wa Kwemtindi walikuwepo, walisikika wakikohoa. Bwana Lukindo alishikilia utepe. Mwandishi wa redio alishikilia kinasa sauti. Heri alivaa suti mpya na kusimama mahali ambapo, kama kamera zingekuwa zinaona, angeonekana.

"Nimetembea viwanja vingi," alianza mgeni rasmi kwenye kipaza sauti, akiutazama weupe uliokuwa mbele yake, "lakini sijapata kuona uwanja kama huu!"

"Ni kweli," ilisema sauti ya Bi Mwanamisi kutoka pembeni.

"Tazameni ulivyonyooka! Tazameni nyasi! Haya ndiyo matunda ya kuachana na umiliki wa kila mtu na kuingia kwenye umiliki wa mtu. Palipokuwa na watu mia mbili, leo pana mmoja. Huo ndio uimara!"

Alikata utepe. Akaletewa mpira mpya, akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga teke la heshima kwenda mbele.

Watu walingoja kuusikia ukidunda. Walingoja sana. Mpigapicha alishusha kamera. Kisha kutoka chini, mbali, chini kuliko inavyostahili sauti kutoka, mwanamume alipaza sauti kwa hasira.

"Nani anatupa mipira huku? Tusubirini basi, kwa Zuberi bado hatujamaliza!"

Upepo wa saa sita ukavuma kutoka msitu wa Magamba, ukungu ukapanda juu. Mbele ya jukwaa, hatua tatu kutoka kwenye viatu vya mgeni rasmi, palikuwa na korongo. Korongo lenyewe la zamani, lenye mawe yake yote, zuri, refu, na chini kabisa Mzee Zuberi na wanawe wakijaza matenga mawili ya mwisho. Goli la mashariki lilikuwa limebaki likining'inia kwa nguzo moja.

"Shemweta," alisema mgeni rasmi. "Uwanja uko wapi?"

Heri alifungua mdomo. Bi Mwanamisi alimsaidia kwa kumkabidhi mgeni rasmi kitita cha fomu mia mbili na kumi na nne, nakala ya kijani. "Umerudishwa, mheshimiwa. Vilevile kama ulivyotolewa. Kila mmoja kachukua wake, na ruhusa hizi hapa."

Mgeni rasmi aligeuza karatasi moja baada ya nyingine. ACHUKUE. ACHUKUE. ACHUKUE.

"Mimi nilinunua uwanja!" alipiga kelele Bwana Lukindo. "Nataka changu! Nataka mchango wangu sasa hivi!"

"Hilo tu?" Bi Mwanamisi alitoa fomu nyingine kwenye kanga. "Andika hapa. Aina ya mchango?"

Lukindo akaandika: hundi. Watu wawili wakaleta ule ubao wa boksi. Wiki hiyo ulikuwa umeziba dirisha la banda la mbuzi wa Mama Heri, na mbuzi walikuwa wamejaribu pembe yake moja, lakini herufi za dhahabu zilikuwepo zote.

"Vilevile kama ulivyotolewa. Saini hapa kwamba umepokea."

Alitia saini, kwa kuwa redio ilikuwa inanasa na hasira ilikuwa inaandika. Bi Mwanamisi aliikunja fomu vizuri.

"Sasa kwa Kifungu cha Saba, aliyerudishiwa hana umiliki. Sisi tumerudishiwa. Yeye karudishiwa. Klabu kwa dakika hii haina mwenyewe, mheshimiwa. Ni ya atakayechangia kwanza." Akavuta kutoka nyuma ya jukwaa tenga lililojaa, akalimwaga korongoni. "Mimi nimechangia."

Hapo baragumu likalia. Nyuma ya kila mwananchi palikuwa na tenga, na kila tenga lilikuwa limejaa.

Mgeni rasmi alisema ana kikao Korogwe. Bi Mwanamisi alimweleza kwa heshima zote kwamba baragumu la msaragambo haliulizi cheo, aliyelisikia hushika tenga, na kwamba kijana wa redio bado ananasa. Mgeni rasmi aliutazama mkono wenye kinasa sauti. Kisha akavua koti.

Alibeba matenga sita, na Bwana Lukindo manne na nusu. Mgeni rasmi alipoomba, akihema, kwamba angalau hotuba yake isirushwe, aliambiwa hotuba ni mchango kama michango mingine, atarudishiwa vilevile kama ilivyotolewa, siku yoyote yenye ukungu.

Kurugenzi ilifungwa Jumatatu. Kabla ya kurudisha funguo, Glory aliingiza takwimu za Kurugenzi yenyewe kwenye Kipimo cha Uimara, kwa ajili ya kumbukumbu. Ilipata alama zote, kwa kuwa haikuwepo.

Na Heri? Barua ya Dodoma ilidaiwa irudishwe, akairudisha ikiwa na jasho la mfukoni. Hakuwa na pa kwenda ila nyumbani. Alipanda kwa miguu, na viatu vyake viliharibika kweli, kwa hilo hakuwa amedanganya. Aliona haya, haya ya kweli ya mtu mzima, isiyojificha nyuma ya kitu. Mama yake alikuwa shambani, tenga liko miguuni pake, tayari limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Arobaini nimeshayarudisha mwenyewe, na wenzangu wamenisaidia. Hili ndilo lile."

Hakuuliza lipi. Alijitwika. Lilikuwa zito kuliko fomu zote alizowahi kugonga, na njia ilikuwa na watu, na wote walimwamkia au aliwaamkia kwa zamu zao, na hakuna aliyecheka, jambo lililomuumiza zaidi. Uwanja ulikuwa umesharudi karibu wote. Kwenye sehemu ya penalti, goli la mashariki, palikuwa na shimo dogo la ukubwa wa tenga moja, limeachwa makusudi.

Alimwaga. Akasawazisha kwa viganja, na suti yake mwilini. Kisha akasimama mbele ya Bi Mwanamisi, na mazoea ni mazoea, akauliza kama kuna fomu.

"Ya nini?"

"Ya mchango. Ili nijulikane nimechangia. Kuna mhuri?"

Bi Mwanamisi alivua kandambili, akaweka mguu juu ya udongo mbichi wa kwa Mama Heri, akaukanyaga kwa kisigino mara mbili, kwa nguvu, mpaka ukakaa sawa na mwingine.

"Umegongwa," alisema. "Sasa lete lingine."